Safari ya Kuongozwa, kutoka Kalenga hadi Kitulo

Katika kile kipeperushi, ambacho mwanangu alikileta nyumbani akiwa amekikunja mara nne kama hati ya kiwanja, palikuwa na maneno haya kwa herufi kubwa: Miji ya Kale ya Jangwani na Milima ya Nyanda za Juu Kusini. Chini yake palikuwa na picha ya ukuta wa udongo mwekundu uliopigwa na jua kali, na kando yake picha ya uwanda uliojaa maua. Siku sita, chakula na malazi humo humo, kiongozi mwenye uzoefu. Mwanangu alisema, "Baba, wewe umestaafu na huyu mtoto yuko likizo. Nimewalipia nyote wawili." Nilishukuru kama inavyopasa, lakini moyoni nilijiuliza jangwa hilo liko wapi. Nimezaliwa chini ya mlima Rungwe, mahali ambapo mtu akianika nguo asubuhi huzianua jioni zikiwa bado mbichi. Nimefundisha historia katika shule za Mbeya kwa miaka 31, na barabara ya Iringa nimeipita kwa basi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukame nimeuona, Ismani na bonde la Usangu. Lakini jangwa, la.

Baadaye nilitambua maneno yale yalikotoka. Makampuni ya utalii duniani yana mtindo mmoja wa safari ambao umeuzika sana: kwanza miji ya kale katika nchi kame, kisha milima. Huko Uzbekistan mgeni hupelekwa Samarkand, Bukhara na Khiva, akashangaa vigae vya buluu na kuta za udongo, halafu akapandishwa milimani kupumzisha macho. Huko Moroko huanzia Marrakech, kisha milima ya Atlas. Mtu fulani ofisini, pengine kijana mwenye bidii kabisa, alichukua kanzu hiyo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine akatuvisha sisi. Iringa ikawa jangwa lenye miji, Mbeya ikawa milima. Na hata ule ukuta mwekundu wa kwenye picha, nina hakika, haukupigwa picha Tanzania.

Naandika haya kwa nia ya uhakiki, si kwa kinyongo cha mteja. Chakula kilikuwa kizuri, vitanda havikuwa na kunguni, na basi letu dogo halikuharibika hata mara moja, jambo ambalo kwa barabara zetu si dogo. Lakini safari ya kuongozwa ni utungo kama utungo mwingine wowote. Ina mtunzi, yule aliyechagua tusimame wapi na tupite wapi bila kusimama. Ina msimuliaji, yaani kiongozi. Ina mwanzo na mwisho, ina yanayosemwa na yanayonyamaziwa. Sioni kwa nini tuhakiki riwaya ya shilingi elfu kumi na tuiache safari ambayo bei yake ni pensheni ya miezi kadhaa.

Tulikuwa abiria kumi na mmoja. Mjukuu wangu ana miaka 12, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na Kinyakyusa anajua salamu tu. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Mbeya, mtanashati, mwenye sauti nzuri na heshima; mimi aliniita "Mwalimu" tangu siku ya kwanza, na sikumwambia kazi yangu, ameihisi tu. Dereva alikuwa mtu mzima kutoka Makete, mnyamavu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mji wa Iringa. Tulipanda jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, tukautazama mji ulivyolala juu ya bonde la Ruaha Mdogo. Kiongozi akanyoosha mkono kaskazini akasema, "Kule ni Ismani, nchi ya mahindi." Kisha akageukia upande mwingine. Mama mmoja wa rika langu aliyekuwa nasi alinitazama, nami nikamtazama. Watu wa umri wetu hawawezi kulisikia jina la Ismani bila kukumbuka Krismasi ya mwaka 1971, siku ambayo Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, katika zile siku za kuanzisha vijiji vya ujamaa kwenye mashamba ya watu. Sisemi kwamba jambo hilo lilipasa kusimuliwa juu ya jiwe, mbele ya wageni wenye kamera. Nasema tu kwamba jiwe linalosema lilinyamaza, na tukashuka kwenda kula.

Isimila ilikuwa saa nzuri kuliko zote za safari ile, na haki inanitaka niseme hivyo kabla sijaanza kulalamika. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Ni makorongo makavu yenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama minara, na kwa mbali mtu angeweza kweli kudhani anaona mji uliohamwa. Hapa kipeperushi kilipata kisingizio chake cha jangwa. Lakini aliyetupokea alikuwa mtumishi wa mahali pale, si kiongozi wetu, na mtumishi yule hakushughulika sana na nguzo. Alitupeleka kwanza kwenye mawe. Alieleza kwamba mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia hii aliokota zana za mawe akaondoka nazo, na kwamba mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na F. Clark Howell walichimba hapa wakakuta shoka nyingi za mawe za watu walioishi yapata miaka 260,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyotoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama ya chura. Palikuwa na maji hapa, alisema, palikuwa na ziwa dogo. Kisha akachukua jiwe moja alilokuwa nalo kwa ajili ya wageni, akampa mjukuu wangu. "Shika. Si hivyo. Geuza. Umeona kidole gumba kinapokaa?" Mtoto aligeuza jiwe mara tatu, na mara ya nne likakaa mkononi kama lililotengenezwa kwa ajili yake. Akacheka. Korongo kavu likawa na maji na watu, wala hakikuonekana kitu kingine zaidi ya jiwe.

Mchana wa siku hiyohiyo tulikwenda Kalenga, na hapa ndipo naomba msomaji anivumilie.

Kalenga ilikuwa mji mkuu wa Wahehe chini ya Mkwawa. Aliujenga na kuuzungushia ukuta mrefu wa mawe na udongo, kando ya mto Ruaha Mdogo, katika miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakijipenyeza kutoka pwani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi yake yalikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye naye aliuawa pamoja na Wajerumani wengine na mamia ya askari na wapagazi. Wajerumani walijiandaa miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana von Schele, wenye mizinga na bunduki za rashasha, waliuvunja ukuta wakaingia, na wakapigana nyumba kwa nyumba. Mkwawa aliponyoka akapigana vita vya msituni miaka minne zaidi, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Kilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kwenda Bremen na kulichagua fuvu moja kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika jumba la makumbusho huko.

Hayo yote kiongozi wetu aliyasema, na aliyasema vizuri, bila kukosea tarehe hata moja. Alisimama mlangoni mwa jumba dogo la makumbusho akayasema, tukaingia ndani, tukaliona fuvu katika sanduku lake la kioo, tukaona mikuki na ngao, tukaonyeshwa makaburi ya mwanawe na mjukuu wake yaliyo nje, Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi, yule aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Dakika 40. Kisha tukaambiwa basi linasubiri.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, sasa mji wenyewe uko wapi?"

Nilitazama. Palikuwa na nyumba za bati, migomba michache, mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na chini kabisa, karibu na mto, bustani za nyanya. Mji wa kale tuliouahidiwa haukuwapo. Huko Khiva mgeni hana shida hiyo, maana ukuta umesimama, mita kumi kwenda juu, na hata kiongozi mjinga akikosea habari zote mgeni ataondoka ameuona mji. Kilwa nako magofu yamesimama, na Gedi, na Lamu watu wanaishi ndani ya nyumba zenyewe. Kalenga ulivunjwa na mizinga, mvua ikafanya iliyobaki, na wenyeji, kama wangefanya wenyeji popote duniani, wakayatumia mawe. Mji wa namna hii hauwezi kuonyeshwa kwa kidole. Ni lazima ujengwe upya kwa maneno, mbele ya mgeni, tofali kwa tofali: lango lilikuwa hapa, maji waliteka pale, adui alitokea kule. Kiongozi wetu hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na kichwa cha mtu mmoja. Mji wa maelfu ya watu umekuwa chumba kimoja chenye sanduku la kioo.

Hata juu ya kichwa hicho angeweza kusema zaidi. Twining alichagua kwa kupima, akilinganisha vipimo vya mafuvu na vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na wapo wanahistoria ambao mpaka leo wana shaka kama ndicho. Shaka hiyo haimpunguzii Mkwawa kitu. Ingetufanya tusimame pale mbele ya kioo tukifikiri, badala ya kusimama tukisubiri zamu ya kupiga picha.

Kijana mwenyewe nilishindwa kumkasirikia, na sababu ilinijia pole pole nikiwa nimesimama pale kivulini. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale. Ngome ilijengwa, ngome ikabomolewa, Mkwawa akatoroka, akajiua, kichwa kikachukuliwa, kichwa kikarudishwa. Mpangilio ulikuwa uleule, hata pumzi zilikaa mahali palepale. Ndiyo nukuu za ubaoni. Ndizo nilizoziandika mimi kwa chaki miaka 31, darasa baada ya darasa, watoto wakinakili kwa haraka kabla sijafuta. Kijana huyu hakupita mikononi mwangu, nilimuuliza akanitajia shule yake. Lakini alipita mikononi mwa wenzangu, na sote tulikuwa na nukuu moja. Swali lililokuja kila mwaka katika mitihani yetu ya mazoezi lilikuwa hili: kichwa cha Mkwawa kilirudishwa mwaka gani? Sikuwahi hata siku moja kuuliza watu wa Kalenga walilala wapi usiku wa tarehe 30 Oktoba. Wala mimi mwenyewe, nilipokuwa nikifundisha, sikuwahi kushuka kwenye basi nikaenda Kalenga. Nilikuwa naupita mji wa Iringa nikitafuta soda ya baridi.

Palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka tulipo. Nikamwendea nikamwamkia, "Kamwene, mama." Ndiyo salamu pekee ya Kihehe ninayoijua. Akaitikia, akacheka matamshi yangu, akaona mtoto, naye mtoto akampa shikamoo. Nikamweleza swali la mtoto. Hakusema mengi. Aliweka ungo chini, akatuonyesha tuta refu lililopita kati ya mabua, ambalo mimi nilidhani ni kontua la kuzuia mmomonyoko. "Huo ndio ukuta," akasema. "Tukilima, jembe linagonga." Akaonyesha mawe matatu ya meko yake. Kisha akanyoosha mkono kwenye kilima ng'ambo ya bonde, ambako leo iko misheni na hospitali ya Tosamaganga. "Kule ndiko walikotupia." Kwa Kihehe jina Tosamaganga linahusu kutupa mawe, na wenyeji hulifungamanisha na mizinga ya Wajerumani. Mjukuu wangu alikwenda akapanda juu ya tuta, akatembea nalo, mikono ameinyoosha kama mtu anayevuka kamba, hadi lilipoishia kwenye choo cha jirani. Akarudi akasema lina hatua 64. Honi ya basi ilikuwa imekwisha kupigwa mara mbili.

Katika basi nilimwambia jambo moja ambalo kiongozi hakulisema, nalo nalijua kwa vitabu. Jina Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga. Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha kituo chao mahali ulipo mji wa leo, kilomita kama 15 kutoka pale, wakakiita Iringa Mpya. Siku hizi hakuna anayesema Mpya. Jina lilihamishwa, mahali pakabaki. "Kwa hiyo jana tulilala Iringa ya uongo?" akauliza mtoto. Nikamwambia la, si ya uongo, ni ya pili.

Safari ya Mbeya ni siku nzima, na sina mengi ya kusema juu yake. Mafinga tulinunua chai ya Mufindi, Makambako tulikula, na kuanzia Igawa hadi Chimala wengi walilala, maana Usangu mchana unachosha macho.

Mbeya kipeperushi kilibadili sauti. Hakuna tena historia. Sasa ni "asili isiyoguswa", "ukimya wa milima", "paradiso". Tulipanda hadi ukingo wa ziwa Ngozi, katika msitu wenye migomba-mwitu na utelezi ambao ulinikumbusha umri wangu, tukalitazama ziwa lilivyolala chini kabisa ndani ya shimo la volkano, la kijani, zaidi ya kilomita mbili kwa urefu. Tulikwenda Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, ambapo volkano ya zamani iliacha upinde wa mwamba juu ya maji. Kote huko kiongozi alikuwa na furaha, na alikuwa na maneno machache mno. Mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, pigeni picha, twende. Hapa kasoro yake ilikuwa kinyume cha ile ya Kalenga. Kule macho hayakuwa na kitu, naye hakujua aseme nini. Hapa macho yalijaa, akaona hapana haja ya kusema.

Lakini hii ni nchi yangu, na mimi sikuweza kuitazama hivyo. Mwaka uleule wa 1891, Zelewski alipouawa Lugalo, wamisionari wa Kimoravian walipiga hema zao chini ya Rungwe. Ni habari moja, mwaka mmoja; kule walikuja na bunduki na huku walikuja na Biblia, na baada yao huku nako bunduki zilikuja. Kipeperushi kimeikata katikati. Nusu moja kimeiita historia kikaiweka kwenye nchi kavu, nusu nyingine kimeiita mandhari kikaiweka penye majani.

Kiongozi alitusimamisha Isongole akatuonyesha mlima Rungwe na kusema kwamba katika msitu ule mwaka 2003 aligunduliwa kima ambaye dunia haikumjua, aitwaye kipunji, akatangazwa mwaka 2005. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Wataalamu wengine walimkuta kima huyohuyo katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa, mwaka 2004. Lakini jina kipunji halikutoka maabara. Ni jina walilolitumia wawindaji wa Kinyakyusa, nao ndio walioanza kuwaambia wataalamu. Mjomba wangu alikuwa mwindaji. Tulipokuwa wadogo alitusimulia habari za mnyama wa msituni mwenye nywele zilizosimama kichwani na sauti isiyofanana na ya nyani wala mbega. Tulimcheka. Hata watu wazima walisema ni mambo ya mizimu ya mlima. Mjomba alikufa kabla ya 2003. Nilimsimulia mjukuu wangu hayo hapo Isongole, kwa sauti ya chini, na nilipomaliza niliona basi zima limenyamaza linasikiliza, na kiongozi ameandika kitu kwenye daftari lake.

Siku ya mwisho ilikuwa ya Kitulo. Msomaji akumbuke picha ya uwanda wa maua. Uwanda huo, ulio juu ya mita 2,600, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hutajwa kuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na okidi pekee ziko aina 45 hivi. Maua hayo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Sisi tulikwenda Julai. Tulikuta nyasi za manjano, upepo unaokata masikio, na umande ulioganda kama chumvi. Ua moja hatukuliona. Wageni walivuta makoti yao wakamtazama kiongozi, naye, maskini, akatoa simu akaanza kutuonyesha picha za Februari.

Sitaki kuwa mkali kwa jambo la majira. Mtoto huwa na likizo wakati shule zimefungwa, si wakati okidi zimechanua. Lakini aliyepanga safari alijua, na alichapisha picha ile. Na tulipokuwa pale tunatetemeka niliona kwamba tumerudi Kalenga. Kitu tulicholetwa kukiona hakipo, na msimuliaji hana maneno.

Safari hii aliyesema ni dereva. Alikuwa amesimama anajikinga upepo kwa mlango, akaanza kama mtu anayejisemea mwenyewe. Bibi yake, Mkinga, alivuka uwanda huu kwa miguu, mzigo kichwani, akipeleka viazi Isyonje. Kuna mahali walipozoea kulala, akapaonyesha, bonde dogo lisilo na upepo. Wazungu, alisema, waliwahi kuuita uwanda huu kwa jina la mtu. Nikamsaidia jina: Elton, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1877 akafa mwezi Desemba mwaka huohuo. Kisha dereva akainama akachimbua udongo kidogo kwa ufunguo wa gari, halafu akaacha, akakumbuka kwamba hii ni hifadhi. Akasema ua la okidi halijafa, limelala chini, lina kiazi. Alipokuwa kijana watu wa huku walivichimba kwa magunia kuwauzia wafanyabiashara wa Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga na kuitwa chikanda. Mamilioni ya viazi yalivuka mpaka Tunduma. Watu walipata ada za shule, na maua yakapungua. Mjukuu wangu aliuliza kama naye alichimba. "Nilichimba, mwanangu," akasema. "Sare yangu ya shule ilitoka hapa."

Pale wageni waliacha kutazama simu. Walianza kutazama chini.

Najua watu watakaosema kwamba nataka mengi, kwamba mtalii hulipia kupumzika, wala hakujiandikisha kwa somo la historia. Jibu langu ni kwamba nchi inayoonyeshwa kuwa tupu, hatimaye hutendewa kana kwamba ni tupu. Serikali kwa muda mrefu imetaka kuuza utalii wa Kusini, na hilo ni jema. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa kazi hiyo, na mwaka 2024 mradi ukafutwa baada ya wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha kulalamika mbele ya dunia juu ya walivyotendewa. Sisemi kwamba kipeperushi chetu ndicho kilichowatenda. Lakini maneno "asili isiyoguswa" nimeyasoma mahali pengi, na kila mara najiuliza viazi vya yule bibi wa Kikinga viligusa nini.

Tulishuka kwa njia ya Matamba kwenda Chimala, kwenye zile kona ambazo kila mtu wa huku anazijua kwa idadi yake, Hamsini na Saba. Mjukuu alikaa mbele na dereva wakazihesabu pamoja, kona kwa kona, bonde la Usangu likipanda kutulaki, la manjano na vumbi. Wakabishana kama ile ya 31 ni moja au mbili. Kiongozi alikuja nyuma akakaa karibu nami. Alikuwa na daftari lake. Aliniuliza juu ya kilima cha Tosamaganga, nikamweleza. Aliniuliza juu ya mjomba wangu. Akaniuliza kama lile tuta la Kalenga linaweza kutembelewa na wageni wote, au ni shamba la mtu. Nikamwambia ni shamba la mtu, na kwamba itabidi kwanza azungumze na yule bibi, tena asiende mikono mitupu.

"Nitakwenda mwezi ujao, Mwalimu," akasema, akafungua ukurasa mpya. "Yule bibi anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.